Kadi ya Mkopo Yenye Zawadi kwa Mwenye Msimu Mmoja wa Matumizi

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Magu)



Mkulima wa pamba wa Magu si mtu wa matumizi makubwa ya kila siku. Tangu mbegu zinapotiwa ardhini katika nusu ya pili ya Novemba hadi pamba inapofikishwa kwenye mizani ya chama, kwa kawaida mwezi Mei au Juni, nyumba yake huendeshwa kwa fedha ndogo ndogo: chumvi, sabuni, vocha ya simu, dawa ya mtoto, kusaga mahindi. Kisha malipo hufika. Katika majuma sita au manane yanayofuata, mkulima yuleyule hununua vitu ambavyo mwenye mshahara angevigawa katika mwaka mzima: bati, saruji, plau, pikipiki, mahitaji ya mtoto anayekwenda bweni, na pengine ng'ombe wa kuongeza zizini. Jumla ya mwaka yaweza kulingana na ya karani wa Magu Mjini, lakini mwendo wake ni mwingine kabisa.

Mwendo huo ndio unaomfanya awe mgeni katika biashara ya kadi za mkopo, ambayo tangu mwanzo ilitengenezwa kwa kipimo cha mwezi. Hata hivyo kadi hizo zinamsogelea. Malipo mengi ya mazao siku hizi hupitia akaunti za benki na simu, na akaunti inayoingiwa na shilingi milioni kadhaa kwa siku moja haikosi kuonekana. Ofisa wa benki akija na karatasi yenye picha ya ndege na maneno ya zawadi, mwanachama humwendea katibu wake na kuuliza: nichukue au nisichukue, na nikichukua, ipi? Mazungumzo haya yanakusudia kumpa katibu mahali pa kuanzia jibu lake.

Kwanza kadi zenyewe zisichanganywe. Kadi ambayo wengi wanayo, ile ya kutolea fedha katika mashine ya benki, hata kama ina alama ya Visa au Mastercard, huchota fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti. Kadi ya mkopo huchota fedha za benki. Mwenye kadi hununua leo. Mwisho wa mzunguko wa mwezi benki humletea taarifa ya hesabu. Naye hupewa siku kadhaa za kulipa. Akilipa deni zima kabla ya siku hizo kwisha, hadaiwi riba. Akilipa sehemu tu, riba hutozwa, na katika masharti ya benki nyingi huhesabiwa tangu siku ya manunuzi, wala si tangu siku aliyoshindwa kulipa. Taarifa hiyo humwonyesha pia kiasi kiitwacho malipo ya chini, ambacho akikilipa hatozwi faini ya kuchelewa. Wengi hudhani kwamba aliyelipa malipo ya chini amelipa. Hajalipa, amenunua ruhusa ya kuendelea kudaiwa.

Historia yake ni fupi. Kadi ya Diners Club, iliyoanza New York mwaka 1950, ilimtaka mtu alipe deni lote kila mwezi. Mabadiliko yalikuja Septemba 1958, pale Bank of America ilipowapelekea wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba, zenye ruhusa ya kulipa kidogo kidogo kwa riba. Kadi ile ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1976 ikawa Visa. Mwaka uleule, kwa sadfa, vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa. Zawadi zilifuata baadaye. Mwaka 1986 kadi ya Discover, ya kampuni ya maduka ya Sears, ilienezwa Marekani ikimrudishia mnunuzi sehemu ndogo ya fedha alizotumia, na mwaka 1987 Citibank ikashirikiana na shirika la ndege la American Airlines kutoa kadi inayozaa maili za safari.

Je, fedha za zawadi hutoka wapi? Swali hili halina budi kuulizwa kabla ya mengine, kwa kuwa benki haina shamba la zawadi. Mwenye duka akiuza kitu kwa shilingi 100,000 na kulipwa kwa kadi, fedha hizo haziingii zote mfukoni mwake. Sehemu hukatwa na kugawanywa baina ya benki yake, benki ya mwenye kadi na kampuni ya kadi. Zawadi hutoka katika makato hayo, na katika riba ya wale wasiolipa kwa wakati. Mwenye duka naye, asije akala hasara, hupandisha bei kidogo, na bei hiyo hulipwa na kila aingiaye dukani, pamoja na aliyekuja na noti mkononi. Mwaka 2010 watafiti wa tawi la Benki Kuu ya Marekani lililoko Boston walikadiria kwamba kwa njia hiyo nyumba ya Marekani inayolipa kwa fedha taslimu hutoa wastani wa dola 149 kwa mwaka kuwapa wenye kadi, na nyumba inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2015, uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada iendayo kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo. Fungu likiwa dogo namna hiyo, zawadi nazo haziwezi kuwa nono.

Kumrudishia mnunuzi kwa kadiri alivyonunua si uvumbuzi wa benki. Duka lililofunguliwa na wanaushirika 28 wa Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844, ndilo lililoieneza duniani kanuni ya kugawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama, na kanuni hiyo ingali imo katika masharti ya vyama hadi leo. Tofauti iko katika mamlaka. Ziada ya chama hutoka katika biashara ya wanachama wenyewe na hugawiwa kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Zawadi ya kadi hutoka katika mfuko wa mtu mwingine, na thamani yake hupunguzwa kwa barua moja ya benki bila mkutano wa mtu yeyote.

Hapa nchini upo mfano wa tatu, ulio katikati ya hiyo miwili. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianza kuwagawia watumiaji wa Tigo Pesa, huduma ambayo sasa huitwa Mixx by Yas, faida iliyotokana na fedha zao zilizowekwa benki; mgawo wa kwanza ulikuwa wa shilingi bilioni 14 na zaidi. Kipimo cha mgawo ule kilikuwa fedha ambazo mtu alizihifadhi katika simu yake. Aliyetunza alipata. Kadi humpa aliyetumia, na tofauti hiyo yafaa ikumbukwe na mtu ambaye kwa miezi kumi hana cha kutumia.

Sasa hesabu yenyewe. Uchukuliwe mfano wa mwanachama wa Kahangara ambaye msimu ukiwa mzuri hununua bati na saruji za shilingi 4,000,000 mjini Mwanza, na kwa miezi iliyobaki hana manunuzi ya kadi hata kidogo, kwa sababu duka la kijijini halina mashine ya kadi, na mnadani ng'ombe hauzwi kwa kadi. Tuseme kadi aliyoletewa inarudisha asilimia 1 ya matumizi, na ada yake ya mwaka ni shilingi 60,000. Asilimia 1 ya milioni 4 ni shilingi 40,000. Amelipa 60,000 ili apewe 40,000. Ili ada hiyo irudi tu, bila faida yoyote, lazima atumie shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Hesabu hii katibu yeyote anaweza kuifanya juu ya kadi yoyote: ada ya mwaka igawanywe kwa kiwango cha zawadi, na jibu ni kiasi ambacho mwanachama lazima akitumie kabla zawadi haijaanza kuwa zawadi. Karani anayetumia shilingi 600,000 kwa mwezi huvuka mpaka huo mwezi wa kumi. Mkulima wa msimu mmoja huenda asiuvuke kamwe, na kwake kadi isiyo na ada, hata ikiwa inarudisha nusu asilimia tu, ni bora kuliko kadi yenye ada na maneno mengi.

Kuna mitego miwili inayomkamata hasa mtu anayetumia kingi kwa mara chache, na wauzaji wa kadi hawaitaji kwa kuwa wateja wao wa kila mwezi haiwagusi. Wa kwanza ni kikomo cha zawadi. Kadi nyingine huhesabu zawadi mpaka kiasi fulani tu katika kila mzunguko. Kikomo kikiwa matumizi ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, basi mwenye milioni 4 katika mwezi mmoja hulipwa zawadi ya milioni moja, yaani 10,000, na tatu zilizobaki hazihesabiwi. Hapo kuna dawa ndogo: kununua bati kabla ya siku ya kufunga taarifa na saruji baada yake, ili vikomo viwe viwili. Mtego wa pili ni pointi zinazokufa. Tuseme kila shilingi 1,000 huzaa pointi 1, hati ya manunuzi hupatikana kwa pointi 10,000, na pointi huisha baada ya miezi 24. Msimu wa kwanza mkulima wetu hupata pointi 4,000. Msimu wa pili hufikia 8,000. Anapokaribia msimu wa tatu, 4,000 za kwanza zinakufa. Akinunua tena, anarudi kwenye 8,000. Mtu huyo aweza kuitumia kadi hiyo kwa miaka ishirini asifikie 10,000 hata siku moja, na kila taarifa ya hesabu itamwonyesha kwamba amekaribia.

Kwa sababu hiyo, kwa mwenye msimu mmoja, zawadi iwe fedha taslimu inayopunguza deni lake mwezi uleule au inayoingizwa katika akaunti yake. Pointi, maili za ndege na vyumba vya kupumzikia kwenye viwanja vya ndege ni mali ya msafiri. Kadhalika zile kadi zinazotoa asilimia kubwa kwenye mafuta ya gari, hoteli na maduka makubwa ya vyakula. Ni vema kuuliza kama duka la vifaa vya ujenzi limo katika orodha hiyo. Mara nyingi halimo.

Hata hivyo yote yaliyosemwa hadi hapa ni mambo ya makumi ya maelfu. Jambo la mamia ya maelfu ni tarehe.

Mkulima hujua pamba yake itapimwa lini. Hajui fedha zitafika lini. Msimu wa 2019 haujasahaulika: bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, wanunuzi wakakwama kupata fedha, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walikaa miezi wakiwa wameshatoa pamba bila kulipwa. Ambaye wakati ule alikuwa hana deni alikaa na njaa ya fedha, basi. Angekuwa amekwisha kununua bati kwa kadi ya mkopo, kwa kutegemea karatasi ya mizani iliyokuwa mkononi mwake, hesabu yake ingekuwa nyingine. Uchukuliwe mfano wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Deni la milioni 4 likikaa miezi minne, riba peke yake, bila kuhesabu riba juu ya riba wala faini za kuchelewa, ni shilingi 480,000. Zawadi ilikuwa 40,000. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa hata harusi yenyewe ilikuwa ndogo.

Kutokana na hayo, kanuni moja haifai kulegezwa. Mwenye msimu mmoja atumie kadi ya mkopo baada ya fedha za pamba kuingia katika akaunti, kamwe si kabla. Fedha zikiwa zimeingia, kadi ikiwa haina ada, na mwenye duka akiwa hapandishi bei kwa ajili ya kadi, basi hakuna ubaya: anunue kwa kadi, alipe deni lote juma lilelile, na 40,000 zake azichukue kwa haki. Hiyo ndiyo hali moja ambayo kadi humfaa bila shaka.

Anayetaka kupata muda pia, na ajue jinsi siku zinavyohesabiwa. Tuseme taarifa hufungwa tarehe 25 ya kila mwezi na malipo hutakiwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Aliyenunua tarehe 24 Juni atatakiwa kulipa tarehe 15 Julai, siku 21 tu. Aliyenunua tarehe 26 Juni ataingia katika taarifa ya Julai na kulipa tarehe 15 Agosti, siku 50. Bati ni zilezile, duka ni lilelile, na siku mbili za subira zimempa karibu mwezi mzima. Benki nyingine humruhusu mteja kuchagua tarehe ya kufunga taarifa, asiyeomba hapewi. Lakini siku 50 ni kipimo cha mshahara. Msimu wa pamba huchelewa kwa miezi, na hakuna kadi yenye muda wa namna hiyo bila riba. Mvuvi wa dagaa wa Ghuba ya Speke, ambaye huvua usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi, ana mapato ya kila mwezi mwandamo; yeye hukaribiana zaidi na kadi hizi kuliko mkulima jirani yake.

Jambo jingine ni kutoa noti kwa kadi ya mkopo. Mnadani hutakiwa noti, na mwenye kadi hushawishika kuichomeka katika mashine ya benki kama ile kadi yake ya zamani. Mashine itampa. Lakini fedha hizo kwa kawaida hukatwa ada palepale, riba huanza siku ileile bila muda wa bure, na zawadi haihesabiwi. Kwa kununulia ng'ombe, kadi ya mkopo ni chombo kibaya kuliko vyote, na katibu amwambie mwanachama hivyo bila kumung'unya maneno.

Inafaa pia ieleweke benki humpa nani kadi, na kwa kiasi gani. Kiwango cha mkopo hupimwa kwa mshahara wa mwezi, na mkulima hana hati ya mshahara. Mara nyingi atatakiwa aweke amana ya muda maalum iwe dhamana, kisha apewe kadi ya kiasi kisichozidi amana hiyo. Mtu aliyeweka milioni 4 benki ili akopeshwe milioni 4 na aziogope riba anakopa fedha zake mwenyewe kwa njia ndefu. Ikiwa amana hiyo inazaa faida na kadi haina ada, njia hiyo yaweza kuvumilika. Vinginevyo kadi ya kawaida ya akaunti yake itamnunulia bati zilezile.

Kwa yule anayehitaji kununua kabla ya malipo kwa sababu paa limebomoka au mtoto amefukuzwa bweni, mahali pa kwanza pa kuuliza ni SACCOS. Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, kama ndivyo masharti yao yalivyo, juu ya milioni 4 kwa miezi minne ni shilingi 240,000, nusu ya ile ya kadi katika mfano uliotangulia. Muda wa kulipa unaweza kupangwa ufuate mavuno, jambo ambalo kompyuta ya kadi haiwezi kulisikia. Ziada ikipatikana, mkopaji mwenyewe ni mmoja wa wagawiwa. Tangu Aprili 2025, ilipozinduliwa Dodoma, ipo pia Benki ya Ushirika Tanzania, ambayo vyama vyenyewe vina hisa ndani yake. Makatibu watafanya vema kuiuliza kwa maandishi ina mikopo gani ya msimu na kwa masharti gani, badala ya kusubiri iwafikie kwa uvumi.

Kisha lipo punguzo la mezani, ambalo kwa mnunuzi wa mara moja kwa mwaka laweza kuishinda kila kadi. Mwenye duka la vifaa Mwanza anayelipwa kwa kadi hukatwa sehemu. Akilipwa taslimu au kwa akaunti hakatwi. Anajua hivyo, na mnunuzi naye ajue. Asilimia 1 ya kadi ni 40,000 katika milioni 4. Mtu anayeomba punguzo la bati kumi na mbili huambiwa bei ni hiyohiyo. Wanachama kumi na watano wanaokwenda pamoja, wakiwa na orodha moja iliyopigwa muhuri wa chama na gari moja la kubeba mzigo, huzungumza lugha nyingine na mwenye duka. Chama chenye utaratibu wa kuandikisha mahitaji ya bati na saruji mwezi Aprili, kabla ya msimu kufunguliwa, kitawaletea wanachama wake faida ambayo hakuna kadi itakayoifikia.

Wanachama wenye jamaa Uingereza au Marekani watasikia habari za zawadi ya kujiunga: pointi nyingi au fedha kwa mtu atakayetumia kiasi fulani katika miezi mitatu ya kwanza. Ni kweli zipo. Kwa anayetumia kingi mara chache hiyo ndiyo zawadi inayomfaa kuliko zote, kwani anaweza kuiomba kadi karibu na ununuzi mkubwa aliokwisha kuukusudia. Anayenunua asichokihitaji ili atimize kiasi hicho amekuwa yeye zawadi ya benki.

Limebaki jambo linalowahusu makatibu na watunza hazina wenyewe, nalo halipendezi kusemwa. Chama cha msingi nacho ni mtumiaji mkubwa wa mara chache. Msimu unapokaribia hununua maturubai, kamba, vitabu vya stakabadhi, hulipia matengenezo ya mizani na usafiri. Katibu mwenye kadi ya mkopo yenye zawadi anaweza kushawishika kulipia vitu hivyo kwa kadi yake, kisha akajirudishia fedha kutoka akaunti ya chama. Hesabu zitalingana, shilingi kwa shilingi. Lakini pointi au fedha taslimu zilizorudi zitakuwa zimeingia kwake, nazo zimezalishwa na fedha za wanachama. Ni mali ya chama. Zaidi ya hayo, katibu huyo ana sababu ya siri ya kuchagua duka linalopokea kadi hata kama jirani yake anauza kwa bei nafuu, na ana sababu ya kununua zaidi. Mkaguzi atakayeikuta kadi ya mtu binafsi katikati ya hati za malipo za chama atauliza, naye ana haki.

Kamati inayotaka chama kitumie kadi, na iiombe kwa jina la chama, kwa azimio lililoandikwa katika muhtasari, likitaja nani ataishika, mwisho wa matumizi ni kiasi gani, na zawadi itaingizwa katika kifungu gani cha mapato. Zawadi ikiwa ya kitu, mathalan hati ya manunuzi au simu, iandikwe katika daftari la mali. Katibu ambaye amekwisha kulipia kwa kadi yake katika shida ya kweli, tuseme lori limesimama njiani na pamba imo ndani, aeleze kwenye kikao kinachofuata na aambatishe taarifa ya hesabu ya kadi yake ili zawadi ionekane.

Mwanachama aliyekwisha kuchukua kadi na kuona haimfai asiikate kwa mkasi akadhani yamekwisha. Kadi iliyokatwa bado ina akaunti hai, na ada ya mwaka ujao itaandikwa juu yake, kisha riba juu ya ada. Kwanza atumie zawadi iliyobaki, kwa kuwa akaunti ikifungwa zawadi hupotea. Alipe deni lote, asubiri taarifa moja zaidi, maana riba ya siku chache za mwisho hutokea humo. Ndipo aandike barua ya kuifunga, aipeleke kwenye tawi kabla ya mwezi ambao ada hukatwa, adai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na baada ya hapo aombe hati inayoonyesha kwamba salio ni sifuri. Nakala hiyo, kama mwanachama hana mahali salama pa kuiweka, katibu amtunzie katika faili lake la chama.